Jina la Kwenye Kundi

Mimi ni mpishi wa meli. Bandarini hutangulia tumbo langu kushuka, mimi hufuata. Nimekula katika nchi ambazo hata kuzitamka siwezi. Basi mchana ule nilipofika kwa dada yangu, mshonaji, niliingia jikoni mwenyewe.

"Njoo mpwa wangu, kabla mjomba hajaimaliza sufuria!"

Alikuja amevaa sweta, na jua lile. Akaketi, macho kwenye simu.

Jikoni, dada akaninong'oneza. Binti yake yumo kwenye kundi la mtandaoni la wasichana wasiokula. Humo hupewa majina mapya. Yeye ni Unyoya. Anayewaongoza huitwa Dada Mkubwa.

"Huyo alishakufa, kaka. Kwa njaa. Walimlilia humohumo. Lakini bado anawaandikia."

Nikacheka. Mimi hucheka hata panapofaa kukimbia. Kisha nikaichukua ile simu, nikaizima, nikaiweka mezani.

Mama yake akamwita kwa jina lake. Hakugeuka. Akamwita tena. Macho yalibaki kwenye simu iliyozimwa. Daktari alikuwa ameshasema: asipokula, moyo utasimama. Dada akasogeza kijiko.

"Unyoya... kula basi, mama."

Akageuka. Akatabasamu kama zamani.

"Hata wewe, mama, umelikubali jina hili."

Simu ikawaka. Niliizima mwenyewe, jamani. Ujumbe wa Dada Mkubwa ulikuwa mfupi: *Sasa ni wetu.*

Hakula.

Hospitalini tulimwita kwa jina tulilompa alipozaliwa. Tulimwita kwa zamu. Tulimwita mpaka muuguzi akatushika mabega.

Nimebeba magunia ya unga maisha yangu yote. Jeneza lake ningeweza kulibeba peke yangu. Wepesi huo ndio ulionivunja.

Kesho yake, baada ya mvua, tulirudi kaburini. Viatu vyangu vilizama matopeni hadi vifundoni. Nikataka kujitania, mdomo ukagoma. Kulizunguka kaburi kulikuwa na nyayo. Za miguu mitupu. Nyingi. Hazikuzama hata kidogo, utadhani zimechorwa kwa ncha ya kidole. Hazikuonyesha zilikotoka.

Zote ziliondoka pamoja, kuelekea ukuta wa makaburi. Pale zikakoma.

Dada akapiga magoti penye unyayo mmoja wa mwisho. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda.

"Huu wa kwake," akanong'ona, akiukinga kwa viganja usiguswe na manyunyu. "Mguu huu, kaka, nimeuogesha mimi."