Niliwaonyesha Banza, Nikajificha Mimi

Nina miaka thelathini na tisa, ni mjane, na ninauza samaki wakavu sokoni Kamina. Mkinichukia mkimaliza kusoma, nitawaelewa. Mimi mwenyewe najichukia...

Mume wangu, Ilunga, alikuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa kufunga mabomu kwenye ndege ya vita na kuruka pamoja na rubani kuelekea mashariki, kwenye mapigano. Rafiki yake mkubwa alikuwa Banza, waliyepokezana naye kazi hiyo: leo huyu, kesho yule. Mke wa Banza, Odile, alimshika binti yangu Julie siku ya ubatizo. Tulikuwa kama ndugu!

Kisha nikapata habari kwamba Ilunga ana mwanamke Kolwezi. Nilimuuliza, hakukana. Aliomba likizo ya siku tatu aje tuketi na wazazi, tumalize. Alifika asubuhi, bado amevaa sare.

Sikumpa hata kiti. Nilirusha mfuko wake juu ya ua, ukaangukia barabarani mbele ya wapita njia.

"Mama Julie, niko na siku tatu. Tusemezane tu," aliniambia.

"Rudia mu ndege yako! Pale njo kwako!" nikamjibu, kwamba huko kwenye ndege ndiko kwake.

Aliokota mfuko, akapanda pikipiki ya abiria, akarudi kambini. Sikumwita. Kwa nini nimwite? Nilikuwa na haki... au ndivyo nilivyojidanganya.

Kesho yake, nikiwa sokoni, tulisikia ndege ikiondoka. Sauti yake haikupanda kama siku zote. Ilikohoa, ikanyamaza, halafu ardhi ikatikisika chini ya meza yangu. Moshi mweusi uliinuka ng'ambo ya reli, kwenye mashamba ya mihogo. Nilikimbia, lakini askari walituzuia mbali. Walikuwa watu wanne ndani. Hakupona hata mmoja!

Niliendelea kujiambia kwamba Ilunga hayumo, yuko likizo. Mpaka askari walipokuja kuniita.

Kwenye kilio nyumba ilijaa. Siku ya pili Banza aliingia akitetemeka kwa malaria, akaanguka magotini mbele ya mama mkwe wangu.

"Mama, ile nafasi ilikuwa yangu," alisema akilia. "Homa ilinishika. Ilunga akaniambia, weye lala, minyi niko bure, sina kazi, nitaenda."

Mama mkwe aliacha kulia. "Bure namna gani? Mutoto yangu alikuwa mu likizo! Nani alimutoa mu likizo?"

Macho yakanigeukia mimi, mke wake. Nilimuona jirani aliyeona mfuko ukiruka ua, akiinamisha kichwa. Sentensi moja tu ilitakiwa: nilimfukuza. Basi!

Badala yake nilinyoosha kidole. "Banza njo alimuita. Alimupigia simu."

Ee Mungu wangu! Banza alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "Mama Julie, sema kweli..." Hakumaliza. Mashemeji zangu walishamrukia. Walimburuta nje, wakimwita mwoga aliyeuza ndugu yao ili yeye abaki hai. Nami nikaongeza sauti ya kilio, ili nisimsikie.

Tangu hapo Banza na Odile hawakupata amani. Julie alikatazwa kucheza na watoto wao. Sokoni hakuna aliyemuuzia Odile unga. Vijana wa ukoo walienda mchana kweupe kurusha mawe kwenye mlango wao, na jiwe moja likamvunja Odile mkono. Mimi nilijua! Nilikaa nyumbani kwa mama mkwe, nikihurumiwa, nikipewa bukari, ugali wetu, na nyama ya kwanza sahanini. Banza aliomba kuondoka jeshini, akachukua mke na watoto, wakaenda Mulongo kwa wazazi wa Odile.

Nilikaa kimya mwaka mzima. Siku moja mama mkwe aliniambia anataka vijana wamfuate Banza hata huko Mulongo. Hapo nilishindwa. Nikamweleza yote, toka mfuko hadi kidole.

Hakunipiga. Aliniuliza tu: "Ulikula bukari yangu mwaka muzima, na ile uongo mu kinywa?" Akaviweka vyombo vyangu nje, kimoja kimoja. Julie akabaki naye.

Nilienda Mulongo. Nilimkuta Odile kando ya mitumbwi, akipasua samaki kwa mkono mmoja. Ule mwingine umepinda, vidole havifungi. Banza alikuwa ndani. Alisikia sauti yangu, akafunga mlango.

Nilipiga magoti kwenye matope, nikaomba msamaha.

"Weye hautafuti musamaha," Odile alisema bila kuacha kazi. "Unatafuta kulala muzuri. Enda ulale vile utaweza."

Nilirudi Kamina peke yangu.

Wasomaji wangu, msiba ukiingia nyumbani, watu watatafuta wa kulaumu. Wakiwauliza mlifanya nini, semeni! Hata kama mtapigwa, hata kama mtafukuzwa. Ndege ile ilimchukua mume wangu bila kuniuliza. Banza na Odile niliwaangamiza mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na hakuna aliyenilazimisha.