Variqueux Si Variole

Kasoki aliuza samaki wa kukaushwa kutoka Kilwa, ule mji wa kando ya ziwa. Alisimama sokoni tangu asubuhi hadi jioni. Nyumbani, mtaa wa Bel-Air, aliishi na binti yake Graciella na mjukuu wake mchanga, Plamedie.

Kidonda kilimtoka mguuni, juu kidogo ya kifundo, kikakataa kupona. Daktari alikitazama haraka, akasema kwa Kifaransa, "Ulcère variqueux." Kasoki alisikia "variole", akadhani ni ile ya nyani, ugonjwa wa malengelenge ambao redio inaonya kwamba unaambukiza.

Tangu hapo hakumgusa mjukuu. Alihamia chumba cha nyuma, akala peke yake. Alimsikia mtoto akicheka ng'ambo ya ukuta. Nguo ndogo za mtoto zilipoanikwa uani, Kasoki alisimama karibu nazo, asiziguse, akazitazama tu.

Graciella hakuweza kuvumilia. Akamwita jirani yao Huguette, muuguzi. Huguette alitazama mguu, akapima mapigo ya damu penye kifundo.

"Mama, banakuambia iko nini?" Huguette aliuliza.

"Variole. Njo maana naachana na mutoto."

"Hapana, Mama. Ni variqueux. Inatoka ku neno ya zamani ya Kilatini, varix: mushipa wenye kuvimba. Ona hii mishipa yenye kujipinda. Unasimama sana, damu inashindwa kupanda, ngozi inachoka, inapasuka. Hii kidonda haiko ya kuambukiza."

Kasoki aligeuka, akamtafuta mtoto kwa macho.

"Sasa naweza kumubeba?"

"Leo leo. Unawe tu mikono kila ukishagusa kidonda."

Graciella alimleta Plamedie, akamweka mikononi mwa Kasoki. Mtoto alimtazama bibi yake kama mgeni, akalia, akamnyooshea mama yake mikono. Kasoki alimrudisha kwa mama yake. Machozi yakamtoka.

Huguette alisafisha kidonda, akaufunga mguu kwa bandeji ya kubana, kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti.

"Usijifunge mwenyewe," alisema. "Mapigo iko muzuri, lakini muganga wa ku hospitali apime tena kama damu inafika muzuri ku miguu. Utembee, na ukilala uinue mguu."

Kasoki akaanza kuuza ameketi, mguu juu ya kiti. Kila jioni aliketi karibu na mtoto, akimwimbia polepole, bila kumvuta. Miezi ilipita, kidonda kikafunga.

Siku moja Graciella alikuwa akipika. Plamedie alitambaa hadi kwa bibi yake, akashika kitenge chake, akajivuta kusimama. Kasoki akamwinua, akamkumbatia. Mtoto hakulia.