Presha Isiyoonekana Mkononi

Jumanne, tarehe kumi Juni. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na ngazi za jengo letu zililowa. Kama kawaida, nilimfunga bibi kipimo mkononi, nikaandika presha yake daftarini. Kisha nikampima mama. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita.

"Umenishinda," bibi alimtania mama. "Utatuzika sote."

Mtaani waliniita Daktari kwa sababu ya kipimo hicho, nami nikavimba kichwa. Majuma mawili nyuma mama, ambaye ni fundi cherehani, alirudi kutoka hospitali na vidonge akisema ana presha ya mapafu. Nilidhani ni ugonjwa uleule wa bibi. Nilipoona namba zake nzuri siku tano mfululizo, nikamwambia amepona. Vidonge vilikuwa vikimuumiza kichwa, kwa hiyo hakubisha. Siku ya nne sasa vilikuwa ndani ya kopo la vifungo, na bibi hakujua.

Mimi na mama tulipanda kwenda chumba chake cha kushonea, ghorofa ya tatu. Mama alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vikimbana. Alisema ni uchovu tu. Kwenye kona ya mwisho midomo yake ilibadilika rangi, akaketi, kisha akaanguka kwa ubavu.

Fundi viatu wa ghorofa ya chini alimbeba hadi kwenye gari. Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni, na daktari akauliza kama anameza dawa zake. Bibi alijibu kwamba humeza kila siku. Daktari akasema kama ni hivyo, dawa zimeshindwa, itabidi aongezewe nyingine kali zaidi.

Nilifumba macho nikamwomba Mungu amponye mama bila mimi kusema neno. Kisha nikafumbua macho.

"Hamezi, daktari," nilisema. "Nilimwachisha mimi. Leo siku ya nne."

Bibi alishika ukuta. Daktari hakunifokea. Alimwagiza muuguzi arudishe dawa zilezile, kisha akanigeukia.

"Moyo una pampu mbili. Ya kushoto inasukuma damu mwili mzima. Presha ya huko ndiyo unayoipima mkononi, nayo ndiyo inayomsumbua bibi yako. Ya kulia inapeleka damu kwenye mapafu tu. Mishipa ya mapafu ya mama imekuwa myembamba, na pampu hiyo inachoka kusukuma. Kipimo cha mkononi hakiwezi kuliona hilo. Sisi tuliliona kwa picha ya moyo na vipimo vingine. Dawa hizi zikikatizwa ghafla, mgonjwa anaweza kufa."

Tulisali mimi na bibi siku mbili, tukishikana mikono. Siku ya tatu mama aliketi, akauliza nani anamalizia sare za shule.

Daktari alitabasamu. "Kosa lako ni kujifanya unajua," aliniambia. "Lakini ulisema kweli kabla hatujampa dawa isiyomfaa. Dawa haiachwi mpaka aulizwe aliyeiandika, hata kama mgonjwa anajiona mzima."

Bibi alitaka nitoe ahadi mbele ya watu. Nikasimama kando ya kitanda, bibi, daktari, muuguzi na fundi viatu aliyekuja kumjulia hali wakinitazama.

"Mama," nilisema, "naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa: sitakuambia tena umepona. Nitakuletea vidonge na maji kila asubuhi, na nisichokijua nitauliza."