Maili Mia Tatu Kabla ya Maziko

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, Mboni alimpelekea uji jirani yake, Bi Asmahani, mtaa wa Ngamiani, Tanga. Alimkuta kitandani, amekufa, mto umekandamizwa usoni. Mlango haukuvunjwa.

Kufikia jioni, Ernesti alikuwa mahabusu. Alikuwa kibarua wa mkonge kutoka bara, mpangaji wa marehemu, na ndiye pekee aliyelala nyumba ile. Akipatikana na hatia, angenyongwa.

"Kila alfajiri nakwenda bombani kumtekea maji," alimwambia Sajenti Uweso wa upelelezi. "Leo niliitua ndoo mlangoni pake, nikaenda kazini. Sikuingia, afande."

Ndoo ilikuwepo, imejaa na kufunikwa. Uweso aliitazama sana. Aliyetoka kuua hajali vumbi lisiingie kwenye maji ya marehemu. Lakini huo haukuwa ushahidi.

Ijumaa asubuhi alikwenda matangani.

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba. Mmeshamnyonga yule mtoto, au mnangoja tumalize ubwabwa?"

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Idarusi tu, mtoto wa dada yake marehemu. Naye yuko Nairobi. Jana tulimpelekea telegramu saa mbili u nusu, na saa saba keshafika. Anasema tajiri wake kamleta kwa ndege yake ndogo, wakatua kwenye shamba la mkonge. Saa saba u nusu tukazika, akashuka kaburini mwenyewe. Ndege ni kufumba na kufumbua, baba."

Uweso naye hakuwahi kupanda ndege. Akaenda kwa Methusela, karani wa uwanja wa ndege.

"Nairobi ni kama maili mia tatu," alisema Methusela. "Ndege ndogo inakwenda maili mia na ishirini kwa saa. Piga hesabu mwenyewe."

"Mwendo wa saa mbili na nusu."

"Hapo upepo umempenda rubani."

Alasiri likaja jibu la posta ya Nairobi, alikouliza telegramu ilifika saa ngapi. Uweso akarudi matangani, akaketi mkekani ubavuni mwa Idarusi.

"Telegramu uliipata saa ngapi?"

"Saa tatu. Nikaondoka papo hapo."

"Ilifika nyumbani kwako saa tano u nusu, akapokea jirani. Ungeruka dakika ile ile, ungefika hapa saa nane. Saa nane Bi Asmahani yuko chini ya udongo, na aliyempokea kaburini ni wewe. Nani alikwambia amekufa?"

Wasomaji Kurani wakafunga misahafu.

"Jumatatu ijayo alikuwa aende kwa kadhi, aiweke nyumba wakfu, nisiirithi," alisema Idarusi polepole. "Nilifika Jumatano kwa basi la Mombasa. Alfajiri mpangaji alipokwenda bombani, niliingia kumsihi. Akakataa."

"Ungejitokeza leo, nisingekuwa na la kukuuliza."

"Alinilea tangu nina miaka mitatu. Ningeachaje watu baki wamlaze?"

Uweso alimfunga pingu.

Magharibi Ernesti alipotoka kituoni, Mboni alikuwa amesimama barabarani.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Kitanda chako nimekihamishia kwangu. Kule hulali tena."

Akatangulia. Ernesti akamfuata, mikono ameishikanisha mbele, kana kwamba pingu zingalipo.