Sifuri Iliyodanganya

Siku ya soko mjini Baraka, msichana mgeni aliingia bila kubisha katika ofisi ya Bertin bandarini, akiwapita mlangoni wamama waliouza ndagala, dagaa wa ziwani. Kitenge chake cha kijani kilikuwa kimelowa pindoni.

"Mi ni Alida, natoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda," akamwambia Bertin. "Kaka yangu Kubwimana alienda Ubwari, ngambo ya maji, hakurudi. Kuko boti ilizama. Angalia kama jina yake iko."

Bertin ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri, iliyosoma daftari za abiria wa boti kwenye kompyuta. Akatafuta. Kioo kikaonyesha sifuri.

"Hakupanda ile boti," akasema kwa furaha.

Alida akatabasamu, na Bertin akapotea katika mapenzi. Kwa miezi sita walipigiana simu kila asubuhi. Alida alimtania kwamba mashini yake inajua batu bote ila haijui kupika bugali. Lakini Kubwimana alikuwa kati yao daima: kila chakula Alida alimwekea sahani.

"Ukiona habari yake, mupenzi, utaniambia siku ileile. Hata kama ni mubaya."

Bertin aliapa. Alipoomba kumwoa, Alida akasema wakwe hupokewa na kaka, basi wamngoje. Bertin akasema anakataliwa kwa kisingizio. Simu zikanyamaza.

Akajizika kazini. Akaandika upya maktaba ili kila sehemu inayoshindwa itaje jina lake na la sehemu iliyoiita. Kwa mazoea, akajaribu kwa jina la Kubwimana. Safari hii kioo kikasimulia: hitilafu ilitoka soma_umri, ikapanda soma_ukurasa, ikafika tafuta_jina. Mahali pa umri, karani wa boti aliandika "kijana" badala ya namba. Bertin mwenyewe ndiye aliyeamuru zamani kwamba penye kosa programu irudishe sifuri kimya, makarani wasiogope. Ukurasa mzima haukuwahi kusomwa.

Akaufungua. Kubwimana, kijana, shati jeupe. Kando, kwa wino mwingine, mtu aliongeza baada ya ajali: amezikwa Ubwari.

Simu ikalia.

"Bertin we, nimechoka kumungoja," Alida akasema, sauti yake laini. "Kuya kesho. Shangazi yangu Rosette atakupokea pahali pa kaka."

Siku moja tu ya kunyamaza, naye angekuwa mkwe.

"Nakuya leo," akajibu.

Alipofika Lusenda, Alida alikuwa amevaa kitenge kipya, akicheka. Bertin hakukaa.

"Kubwimana alikuwa kwa boti. Mashini ilijua. Ni mi niliifundisha kunyamaza."