Mvua ya Saa Nane

Dada yake Waya hakujaliwa sauti. Akiimba, mama yao husema mlango unalia, utiwe mafuta, na yeye mwenyewe hucheka kuliko wote. Kwa hiyo mchana ule, jua likiwa limewalaza watu mtaa mzima, Waya aliposikia sauti tamu ikipenya ukutani kutoka chumba cha dada yake, alidhani ni redio. Kisha akakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Alikuwa amejilaza na gitaa kifuani. Waya ni jina la mtaani, alilipata kwa kukatakata nyuzi. Bendi yao ilipiga roki, ile ya magitaa yanayorefusha sauti na kuipindapinda mpaka msikilizaji anaona rangi akiwa amefumba macho. Albamu mbili walizotoa hazikununuliwa hata na shangazi zao, na kampuni ya muziki ilishawaambia kuwa ya tatu isipokwenda, kila mtu atafute kazi nyingine.

Akainuka, akasukuma mlango polepole. Dada yake, fundi cherehani aliyembeba mgongoni utoto wake wote mama alipokuwa kazini, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, uso umeelekea ukutani. Macho wazi. Midomo imefumba. Sauti ilitoka hivyo hivyo, kooni, ikipanda na kushuka mahali ambapo vidole vya Waya havijawahi kufika. Chumba kilinuka udongo uliolowa mvua, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

Mtu mwingine angemwita mama. Waya alirudi kuchukua kinasa sauti.

"Ulikuwa unaimba," alimwambia dada yake alipozinduka.

"Mimi? Masikio yako yana wazimu. Nilisinzia tu." Akacheka, akavuta kitambaa, akaendelea kushona.

Jioni, kwenye mazoezi, Waya aliipiga ile sauti kwa gitaa. Mpiga kinanda, ambaye ndiye kiongozi wao na si mtu wa kusifia ovyo, aliondoa mikono kwenye kinanda.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Imekuja tu."

"Basi iambie ije tena."

Ikaja. Kila siku saa nane mchana ilipofika, mtaa ulipotulia, Waya alikuwa ameshaficha kinasa sauti nyuma ya majora ya vitambaa. Nyimbo zikaongezeka, na dada yake akapungua. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Siku moja sindano ilimpita kidoleni naye akaendelea kukanyaga cherehani, damu ikichora gauni la mteja mshono mzima, bila yeye kusema hata ah.

"Mwanangu," mama alimnong'oneza Waya jikoni, "dada yako anaisha. Na kile chumba kinanuka. Wewe huoni kitu?"

"Ni uchovu, mama. Anashona mno."

Alisema hivyo huku akimtazama usoni.

Ukabaki wimbo mmoja, ule mrefu wa kufungia albamu. Mchana huo Waya alisubiri nje ya chumba na hakusikia kitu. Alipoingia, harufu ya mvua ilikuwa nzito kiasi cha kumkaba, kuta zilitoka jasho, matone yakishuka taratibu mpaka sakafuni, na dada yake alikuwa ameketi vilevile, ila safari hii uso wake haukuelekea ukutani, ulikuwa unamtazama yeye, na yale macho yaliyomtazama hayakuwa ya mtu anayemjua.

"Kiti changu hiki, dada yako, kimechakaa," sauti ilisema. Haikuwa ya kike wala ya kiume, na midomo ya dada yake haikutikisika. "Kikivunjika hakinifai. Leo naondoka."

Kunyamaza tu kungetosha. Hilo alilijua pale pale, hakuja kulijua baadaye. Alijua kwamba angerudi kinyumenyume hatua chache na kufunga mdomo, jambo lingeishia hapo, dada yake angezinduka na kulalamika njaa, na bendi ingebaki na albamu pungufu kama bendi nyingine zote duniani. Lakini kichwani mwake tayari aliusikia ule wimbo usiokuwapo, akamwona mpiga kinanda ameondoa mikono, akaona watu wamefumba macho gizani, maelfu kwa maelfu, wakiyumba pamoja.

"Bakia kidogo," alinong'ona. "Wimbo mmoja tu."

"Unanikaribisha?"

Waya alitazama mlangoni. Mama hakuwapo.

"Nakukaribisha."

Jini likaimba mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta.

Albamu ilitoka kwa jina la Mvua ya Saa Nane, na ikashika kama moto wa nyasi kavu. Ilipigwa saluni, gereji, kwenye mabasi na harusini. Watu walisema ukiisikiliza unahisi mwili umeachwa chini. Waandishi wa habari walimuuliza Waya siri yake, naye akawajibu kwamba muziki ni kipaji kutoka kwa Mungu. Akirudi nyumbani alipita mlango wa dada yake kwa kunyata, kama mwizi anayeiba kwao.

Maana dada yake hakuinuka tena. Hospitali walimpima kila kitu, wakamrudisha na vidonge vya kuongeza damu. Ndipo mama akamleta mganga, mwanamke mfupi aliyekuwa na mafua, ambaye kabla ya yote aliomba kitambaa cha kupengea.

Aliingia chumbani saa nane ileile. Kwa kinyozi wa jirani albamu ilikuwa inalia, na kitandani dada mtu, midomo imefumba, alikuwa akiifuatisha, noti kwa noti, akiitangulia kidogo.

"Wewe uliye kichwani," mganga alisema kwa upole, "kiti hiki si chako. Umekuja kwa haki gani?"

"Mimi ni mgeni. Nimekaribishwa."

Mganga akakunja uso. Akawageukia wenye nyumba. "Nilidhani limevamia. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi na jirani. Aliyemkaribisha ndiye amwambie toka, kwa kinywa chake. Ni nani?"

Mama akasogea mbele. "Labda ni mimi," alisema. "Alipoanza kudhoofu nilimwambia avumilie. Labda nilitamka neno bila kujua. Mwanangu, kama ni mimi..."

Na Waya, aliyesimama nyuma yake, akamwacha aseme. Akamwacha apige magoti, akamwacha ashike miguu ya binti yake iliyokonda kama vijiti na kuomba msamaha kwa kosa asilolifanya, huku gitaa lake mwenyewe likilia kwa kinyozi, huku matone yakianza kushuka ukutani, huku kile kilichokuwa kitandani kikimtazama juu ya bega la mama yake na kungoja, bila haraka, kama mtu anayejua mwenzake ataogopa mpaka mwisho.

"Ni mimi, mama."

Mama hakugeuka.

"Lilitaka kuondoka. Nikalizuia. Nilitaka wimbo." Akasogea kitandani. "Toka. Nilikukaribisha mimi, nakutoa mimi. Usirudi."

Baridi ilimpita ubavuni kuelekea mlangoni. Ilipofika usawa wa sikio lake ilisimama kidogo.

"Sauti yako naijua sasa," ikasema, kwake peke yake.

Kitandani, dada yake alikohoa, akalia kama mtoto.

Alipona polepole. Nywele zikaota, mikono ikapata nguvu ya kukata kitambaa. Waya aliwaambia wenzake hatapiga tena, nao wakamtafuta mpiga gitaa mwingine. Ilimchukua muda kupata ujasiri wa kukaa ukingoni mwa kile kitanda.

"Dada, nisamehe."

Dada yake alitazama mikono yake. "Mwanzoni nilikuwa sijui kitu. Mwishoni nilikuwa nasikia. Nilikuwa chini kabisa, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Siku ile lilipotaka kuondoka, ulipoingia, nikasikia sauti yako. Nikasema moyoni, huyo mdogo wangu, amekuja kunitoa."

Waya alijisogeza karibu naye.

"Niletee maji," dada yake alisema.

Akaenda mbio jikoni. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Alibisha, akangoja, akabisha tena. Alikuwa bado amesimama pale, glasi mkononi, mama alipopita. Mama aliichukua ile glasi bila kumtazama, akagonga mara moja, akafunguliwa.