Wageni Elfu Moja wa Saiti ya Ibighi

Enzi zile mvua ya Tukuyu ilikuwa mvua kweli. Siku hizi inanyesha, lakini inanyesha kwa adabu. Zamani ikianza, vyura wenyewe walipanda juu ya miti kutafuta pakavu. Watu wa Mbeya mjini wakisikia hivyo hucheka. Wacheke tu. Hawakuwapo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya ushirika yenye rafu tupu yalikuwa yameanza kusahaulika. Kila mtu alikuwa na kitu cha kuuza. Huyu mitumba, yule redio, yule soda baridi mahali ambapo hakuna aliyetaka baridi zaidi. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo zinaingia. Zilikuwa nzito, na mtu akiitoa mfukoni mbwa walikimbia.

Katika miaka hiyo, pale Ibighi, waliishi Ikupa na mumewe Ambindwile. Walikuwa na migomba, chai kidogo, na nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vitano. Wageni walikuja kutazama Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu. Lakini walikuja wachache, mmoja huku mmoja kule, kama meno ya mzee.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na msingi wa nyumba ya pili. Ambindwile aliuita "saiti". Aliujenga zamani, kisha saruji ikamwishia. Sasa migomba iliota ndani ya msingi ule, na kuku walitagia humo. Hata hivyo, mtu akimwulizia Ambindwile, mkewe alijibu kwa heshima, "Baba Beatrice yuko saiti."

Ikupa alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Jina lake Ndaga, maana yake asante. Maziwa ya Ndaga yalimsomesha binti yao Beatrice mpaka akapata kazi Dar es Salaam. Kila alfajiri Ikupa alimkamua huku akimsimulia habari za mtaa. Majirani waliapa kwamba Ndaga alikuwa akiitikia.

Siku moja Ambindwile alirudi kutoka mjini amelowa chapachapa. Alivua kofia. Ndani ya kofia kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi.

"Mama Beatrice, keti."

"Ndizi zinaungua. Sema tu, nitasikia nikiwa nimesimama."

"Tumepata wageni."

"Wangapi?"

"Elfu moja."

Ikupa aliweka mwiko chini. "Elfu moja wa nini?"

"Wa kulala. Imekuja barua pepe. Sunday amenitolea kwenye karatasi."

Sunday alikuwa mwenye duka la intaneti pale mjini. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Ambindwile alisoma Kiingereza zamani, na kilichobaki kichwani alikitumia bila woga.

"Tazama hapa," alisema. "Neno hili ni saiti. Hili ni wageni. Na hii ni elfu moja, hata wewe unaiona. Saiti yako itapokea wageni elfu moja."

"Wamejuaje kuwa tuna saiti?"

"Si Beatrice aliyetuweka kwenye kompyuta? Atakuwa amewaambia."

"Na watalala wapi? Kwenye viota vya kuku?"

"Hilo nimelimaliza. Lazaro muuza magodoro atatuletea gari zima, Jumamosi." Ambindwile alikohoa kidogo. "Naye atamchukua Ndaga."

Ikupa aliisahau sufuria. Ndizi ziliendelea kuungua.

"Ndaga ni ng'ombe wangu," alisema.

"Ni ng'ombe wetu."

"Wakati wa kumkatia majani alikuwa wangu."

Ambindwile aliona afadhali abadili njia. "Limebaki jambo moja. Wanataka tuwatumie neno la siri la barua pepe yetu. Tukichelewa kupita Jumamosi, wageni watapelekwa kwa mtu mwingine."

"Kwa nani?"

"Pengine kwa majirani zetu wa Lupepo."

Lakini kompyuta ya Sunday ilifungua barua zao bila kuuliza neno la siri, alivyoipanga Beatrice; neno lenyewe, pale nyumbani, alilijua Ikupa peke yake. Beatrice alimnong'oneza mama yake, kwa sababu siri ya baba yake ilikuwa ikifika sokoni kabla yake mwenyewe.

"Nitakupa kesho," alisema Ikupa. Kisha akaichukua ile karatasi, akavuka ua.

Chumba cha mwisho kilipangwa na Mwalimu Janeth. Alitoka Muleba, mkoa wa Kagera, akapangiwa kazi ya kufundisha sekondari Tukuyu. Yeye na Ikupa walikuwa na ugomvi mmoja mtamu: ndizi za wapi ni bora.

"Karibu, Mama," alisema Janeth. "Nasikia harufu. Leo mmeamua kuzichoma badala ya kuzipika?"

"Bora zangu zilizoungua kuliko zenu mnazozifunika kama mgonjwa," alijibu Ikupa. Lakini hakucheka. "Mwalimu, kwenu Kagera mgeni huomba ufunguo wa nyumba kabla hajafika?"

"Kwetu mgeni hupiga hodi. Ufunguo wa nini?"

Ikupa alimpa karatasi. Janeth alisoma, akaanza kucheka. Alipouona uso wa Ikupa, akanyamaza.

"Nisamehe, Mama. Hii saiti si ile ya kuku. Ni ukurasa wenu wa kwenye kompyuta. Kwa Kiswahili unaitwa tovuti. Na hao wageni ni watu wanaoufungua ukurasa na kuutazama."

"Hawali?"

"Hawali."

"Hawalali?"

"Wengine hawakai hata dakika moja."

"Basi hao si wageni. Ni wapita njia."

"Hapo umesema. Zipo huduma za kupeana wapita njia. Wewe unafungua kurasa za wenzako, nao wanafungua wako. Ni kama kulimiana mashamba."

"Kulimiana ni jambo zuri."

"Ila hapa kila mmoja anasimama ukingoni, anatazama shamba la mwenzake, anaondoka. Jembe halikugusa udongo."

Ikupa aliwaza magodoro ya gari zima, na zizi tupu. "Kwa hiyo barua hii ni ya mwizi?"

"Sijui bado. Tusimwite mtu mwizi, na tusimpe ufunguo. Tuichunguze kwanza."

Kesho yake walikwenda mjini wote watatu. Ambindwile alitembea mbele, mikono nyuma, kama mtu anayepelekwa barazani kwa kesi asiyoijua.

Mliowahi kufika kwa Sunday mnakumbuka. Viatu uliviacha mlangoni kwa sababu ya matope. Kompyuta zilikuwa tatu, na kila moja ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama makochi ya sebuleni. Sunday alikifunua taratibu, akakikunja, ndipo ukaketi. Ukurasa ulifunguka polepole. Watu walikwenda kunywa chai wakarudi, wakaukuta umefika nusu. Hakuna aliyelalamika. Dunia nzima ilikuwa inakuja Tukuyu, na safari ilikuwa ndefu.

"Mimi barua hii nimeisoma mara nyingi," alisema Ambindwile.

"Basi leo asome Mama," alisema Janeth.

Ikupa alishtuka. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Bado alisoma kwa kidole, herufi moja moja, na mumewe alizoea kumtania. Janeth akamfungulia kwanza barua ya zamani ya Beatrice. Ndani yake Beatrice alieleza kwamba ameiandikisha tovuti yao katika huduma moja. Jina la huduma lilikuwa Swopa.

Ikupa aliweka kidole kwenye kioo. "S, w, o, p, a."

"Vizuri. Sasa soma jina hili, kwenye barua mpya. Anza baada ya ile a yenye mkia. Hapo ndipo unapoona barua imetoka wapi hasa."

"S, w, o, p." Kidole kilisimama. Kikarudi nyuma. "Mwalimu, hapa p ni mbili."

"Herufi moja tu," alisema Ambindwile. "Unasoma polepole mpaka unaona vitu viwili viwili."

"Baba," alisema Janeth, "Mwakalinga na Mwakalinda ni ukoo mmoja?"

Ambindwile alivua kofia. Akasogeza kiti karibu. Alisoma mwenyewe, mara hii kwa kidole.

"P mbili," alisema.

Janeth alisogeza mshale juu ya maneno ya buluu yaliyoandikwa "bonyeza hapa" kwa Kiingereza. Hakubonyeza. Aliuacha mshale umetulia. Chini ya kioo yakatokea maandishi madogo.

"Hii ndiyo anwani ambako tungepelekwa. Je, ni Swopa?"

Ikupa alisoma. "Si Swopa ya p moja wala ya p mbili. Ni jina jingine kabisa."

"Kibao kinasema Tukuyu, gari linakwenda Tunduma," alisema Sunday, ambaye alikuwa amesogea kusikiliza.

"Baba, una sanduku pale posta?" aliuliza Janeth.

"Ninalo."

"Karani wa posta amewahi kukuomba ufunguo wako?"

"Aniombe wa nini? Yeye anaingizia barua kwa nyuma."

"Na huku ni hivyo hivyo. Mwenye huduma ya kweli haombi neno lako la siri. Anayeliomba anataka kufungua sanduku lako. Atasoma barua za wageni wenu. Atawajibu kwa jina lako. Atawaambia watume malipo kwake. Watu watafika hapa kwenye mvua, wakidai chumba walichomlipia mtu usiyemjua."

Ambindwile alipangusa uso. "Wangesema Ambindwile ni tapeli."

"Wangesema hivyo."

"Na ile Jumamosi?" aliuliza Ikupa. "Kwa nini walituharakisha?"

"Mwizi hapendi ukae ukafikiri, Mama. Sasa limebaki la mwisho. Tumwulize mwenye habari. Tusijibu barua hii hata kwa neno moja. Tumpigie Beatrice."

Sunday alikuwa na simu ya kulipia pale pale dukani. Ikupa alishika mkono wa simu kwa mikono miwili, akasalimu kwa Kinyakyusa.

"Mwanangu, ugonile? Umetutumia wageni elfu moja?"

Beatrice alicheka mpaka wote wakasikia. Kisha akatulia, akasikiliza. Alisema huduma ile aliijaribu tu, na kwa kuwa haikuleta mgeni hata mmoja wa kulala, alikuwa ameiacha. Akawaomba wangoje kidogo. Yeye mwenyewe angeandika anwani ya Swopa kwenye kompyuta ya ofisini, bila kupitia barua ile, aone. Walipompigia tena, jibu lilikuwa tayari: Swopa hawakutuma barua yoyote, na hakuna wageni.

"Mama, kuna mtu umempa neno la siri?"

"Hata baba yako sijampa."

"Hasa huyo," alisema Beatrice.

Ambindwile alijifanya anatazama mvua.

Walimwachia Sunday ile karatasi ili awatahadharishe wateja wengine. Kisha Ikupa mwenyewe akaifuta. Janeth alimwonyesha pa kubonyeza. Alibonyeza kwa nguvu, kama anayeua siafu.

Jumamosi Lazaro alifika na pikapu iliyojaa magodoro yaliyofunikwa turubai. Ikupa alikuwa zizini. Alimsikia, akaendelea kukamua, masikio yakiwa uani. Hakujua mumewe atasema nini mbele ya mwanamume mwenzake.

"Mzee, nimefika," alisema Lazaro. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Lazaro ndugu yangu, wale wageni wamegeuka wapita njia."

"Wote elfu?"

"Wote. Nilisoma barua haraka. Mke wangu akaisoma polepole."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wake. Mwulize yeye kama anamwuza."

Lazaro alichungulia zizini. Ikupa hakugeuka. "Hauzwi," alisema.

"Sasa mimi na magodoro haya nifanyeje?"

"Shusha moja," alisema Ambindwile. "Langu limekuwa kama chapati. Utachukua ndizi."

Baada ya hapo mambo yalibadilika pale nyumbani. Beatrice aliandika upya tovuti yao. Aliacha kutafuta wapita njia. Alieleza njia ya kufika kutoka Mbeya, akaeleza baridi, akaeleza mbalaga, ndizi zetu zilizopikwa kwa nyama. Ikupa alianza kwenda kwa Sunday mwenyewe kila siku ya soko. Alivua viatu, akaketi, akasoma kila barua kwa kidole. Ambindwile alikaa pembeni yake kama mkalimani, na hakumtania tena. Barua ya mtu asiyemjua, Ikupa aliijibu kwa maswali: Unakuja siku gani? Mko wangapi? Nani alikuambia habari zetu? Walaghai hawakujibu. Wageni wa kweli walijibu, na hawakuomba ufunguo wa mtu.

Duka la Sunday halipo tena. Pale sasa wanakaanga chipsi, na intaneti kila mtu anayo mfukoni. Barua za aina ile nazo zimehamia huko huko mfukoni. Lakini kuna akina mama pale Ibighi ambao hata leo, ujumbe mgeni ukiingia, huweka kidole kwenye kioo na kusoma jina la mtumaji herufi moja moja. Ukiwauliza nani aliwafundisha, watakuonyesha nyumba ya Ikupa.

Wageni wa kwanza waliojibu maswali ya Ikupa walikuwa watu watatu kutoka Denmaki. Walifika siku waliyosema, wamelowa, wanacheka. Ikupa aliwapikia mbalaga sufuria nzima, na Janeth akaalikwa awasaidie kwa lugha. Wawili walikula wakaongeza. Wa tatu, mrefu mwenye miwani, alisogeza sahani kwa adabu. Akaeleza kwamba yeye ndizi hali.

Janeth alitafsiri kwa sauti ya chini sana.

Ikupa alimtabasamia mgeni wake vizuri, akamkaribisha chai. Kisha akainama kwenye sikio la Janeth.

"Mwalimu, huyu mrefu tulimchunguza kweli?"